Kitanda Kilichobaki Turiani

Mwembesongo, Morogoro
12 Januari 2025

Kwa Mheshimiwa Sana Mwalimu Mkuu, Dada Skola,

Shikamoo. Na shikamoo tena, maana ya kwanza ni ya udada na ya pili ni ya cheo. Ukitaka ya tatu sema, ninazo nyingi na hazilipiwi kodi.

Mimi ni mzima, nang'aa. Toroli langu nimelipaka rangi ya bluu, ubavuni nimeandika BENZI, na sasa kina mama wa nyanya hapa sokoni hawataki mzigo wao uguswe na mtu mwingine. Mama naye hajambo, ila anamtangazia kila mpita njia kwamba mwanawe ni mwalimu mkuu huko Mgeta. Jana kamsimamisha hadi muuza mkaa. Mimi ninayeleta unga nyumbani hanitangazi.

Sasa sikiliza, sista. Juzi uliponipigia kutoka kwenye lile jiwe lenu la mtandao nilisikia mbuzi, nilisikia mtoto analia, nikasikia mtu anauliza, "Huyo anayeongea naye ndiye mumewe?" Hapo hakuna siri. Kwa hiyo tuandikiane. Thobias dereva anapanda na lori tupu, anashuka na karoti, barua ataziweka ndani ya kofia yake ambayo haivui hata kanisani. Najua unacheka: Joji, aliyegombana na hesabu kidato cha pili mpaka wakaachana, leo anaandika barua! Naandika, tena kwa mwandiko wa kutisha.

Ushauri wa uongozi. Mimi nimeongozwa na walimu wakuu watatu na wote wamenichapa, kwa hiyo utaalamu ninao. Wiki ya kwanza usicheke kabisa. Halafu mtu yeyote akikuletea dharau, awe mzazi, awe mwenyekiti wa sijui nini, mpeleke kwa mtendaji wa kijiji papo hapo. Mmoja akishakaa benchi, wengine wote wananyooka.

Mwisho wa mwezi naenda Turiani kwa shemeji Godlisten kukuchukulia kitanda chako. Haiwezekani mkuu wa shule akalala chini kama mgambo.

Ni mimi,
Joji Maganga
Mkurugenzi wa Benzi


Mgeta
20 Januari 2025

Mdogo wangu Joji,

Marahaba. Ile ya cheo baki nayo kwanza, cheo chenyewe ni cha kukaimu. Afisa elimu kata atakuja mwisho wa Machi kukagua. Akiikuta shule inakwenda, nitathibitishwa. Akiikuta imelala, utaniona nashuka kwa Thobias, nimekaa juu ya karoti.

Huku asubuhi ukungu unaingia darasani kabla ya watoto. Mwalimu wa darasa la tatu anaita majina na kuitikiwa na sauti tu, sura zinakuja baadaye, saa nne. Kengele yetu ni rimu ya gari. Nyumba yangu ina vyumba viwili na mkeka mmoja.

Watu si wabaya. Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Laurenti, aliniletea ndoo ya viazi siku ya pili. Akauliza jina la baba. Nikamwambia Maganga, alikuwa fundi wa reli, kwao Tabora. "Kumbe Mnyamwezi!" Akacheka mpaka akaegemea mlango. Akaondoka anacheka mwenyewe, namsikia mpaka anapotelea kwenye kona ya migomba. Sikujua kilichomchekesha.

Ukifika Turiani usimsumbue shemeji yako kwa maswali. Kazi ya kiwandani ni ya zamu, muda wa kupokea simu hana. Mwambie tu kwamba Pasaka nitakuwa huku, na kwamba vyumba ni viwili. Kitanda si cha haraka, ingawa baridi ya huku haina adabu.

Msalimie Mama. Na hilo neno BENZI nina hakika umelikosea.

Dada yako,
Scholastika


Mwembesongo
3 Februari 2025

Dada Skola wa mawinguni,

Shikamoo. BENZI iko sahihi, nimemwonyesha mtu mwenye gari.

Turiani nilifika. Miwa imesimama vizuri sana mwaka huu. Mpunga pia. Barabara nayo siyo mbaya. Kitanda hakijaja kwa sababu skrubu zimelegea. Tena kinapakwa vanishi. Halafu fundi mwenyewe anaumwa. Shemeji alikuwa zamu, kwa hiyo sikukaa, nilisimama uani tu, nikanywa maji, nikaondoka. Nyumba ni ileile. Mlango uleule. Habari ya kitanda usiulize sana, hayo ni mambo ya mafundi, wewe una shule.

Tuongee mambo ya maana. Jumanne nilibeba friji peke yangu kutoka stendi mpaka Mwembesongo. Watu walitoka kwenye maduka. Dada mmoja muuza chapati aliniuliza, "Kaka, wewe unakula nini?" Nikamwambia nakula chapati, ila bado sijapata za kwako. Alicheka kinoma. Anaitwa Furaha. Usimwambie Mama.

Ndani ya huo mfuko aliobeba Thobias kuna blanketi. Ni mtumba lakini ni la Ulaya, lina picha ya simba. Simba mwenyewe anafanana na mbwa, vumilia. Jifunike mawili, hilo na cheo.

Joji Maganga
Mbeba Mafriji Mkuu, Kanda ya Mashariki


Mgeta
17 Februari 2025

Joji,

Leo sina salamu.

Alhamisi tulikuwa na kikao cha wazazi. Naeleza juu ya mahindi ya uji wa wanafunzi, Mzee Laurenti akasimama katikati ya watu: "Msikilizeni huyu Mnyamwezi, mpagazi tangu enzi za babu zake! Mumewe kaubeba huo mzigo, umemshinda, kautua njiani, ndiyo wakaona watuletee sisi! Usiku analala peke yake, anahesabu mabati!" Watu walicheka mpaka wakashikana. Kina mama walipiga vigelegele, Joji. Vigelegele!

Nani kawaambia? Mimi na Godlisten tulitofautiana kabla sijaja huku. Alisema tupumzishane kidogo. Ndiyo maana nilikubali kuja huku juu, kwamba hadi Pasaka atakuwa ametulia. Sikukwambia wewe wala Mama, kwa sababu mdomo wako naujua. Kumbe huko Turiani ulidokezwa, na hukuweza kukaa nalo hata wiki mbili. Anayebeba maneno yako kuja huku ni Thobias, hakuna mwingine.

Nilifanya kama ulivyonishauri. Nilifunga kikao, nikaenda kwa mtendaji, nikaandikisha kwamba nimetukanwa nikiwa kazini. Ijumaa mzee alikalishwa benchi kutwa nzima, kofia mkononi. Leo wanafunzi waliokuja ni nusu. Nadhani wazazi wameelewa kwamba sichezewi.

Usiniandikie mzaha.

Scholastika


Mwembesongo
21 Februari 2025

Dada,

Shikamoo. Umenionea. Tangu nizaliwe nimesingiziwa mengi, kioo cha kanisa, kuku wa jirani, na mengi kati ya hayo ni kweli, lakini hili hapana! Mimi nina kifua. Mimi nabeba friji!

Thobias sijamwambia kitu. Mama sijamwambia kitu. Sijamwambia mtu yeyote kwamba nilipobisha hodi pale Turiani alifungua mwanamke mwingine kavaa kanga yako ya njano. Sijamwambia mtu kwamba kitanda chako hakina skrubu iliyolegea hata moja, nilikiona nikiwa palepale mlangoni, kimetandikwa shuka za maua. Wala kwamba shemeji alitoka nyuma yake anatafuna, akaniambia, "Joji, wewe ni mtu mzima, utaelewa, huyu ndiye wa kudumu." Hayo yote nimekaa nayo kifuani, nimeyalalia, nimeyasukuma kwenye toroli kila siku, halafu unasema nina mdomo?

Ngoja.

Nimesoma tena nilichoandika. Wewe ulisema mnapumzishana tu. Ulisema Pasaka.

Dada, ningeichana, lakini karatasi ni hii moja na Thobias ameshapiga honi mara mbili. Nikifuta utaona nimefuta. Sijui niandike nini hapa. Ukitaka nimpige nitampiga, ni mrefu lakini nitatafuta jiwe la kusimamia.

Nisamehe.

Joji


Mwembesongo
9 Machi 2025

Dada Skola,

Shikamoo. Thobias kashuka mara nne na kofia tupu. Kila akifika namvua mwenyewe naangalia. Ana upara, kumbe ndiyo siri yote.

Silali. Nasukuma Benzi napitiliza wateja. Jana nimepeleka magunia ya vitunguu ya Mama Mwanaasha kwa mtu tofauti kabisa, yule mtu akashukuru akayapokea. Furaha anasema natafuna chapati kama natafuna kamba. Mama anauliza kwa nini huandiki, namwambia wakuu wa shule wana vikao.

Lakini nimeambiwa kitu nawe lazima ukijue. Thobias ni Mluguru wa hukohuko, unajua. Nilimbana anieleze Mzee Laurenti alizipata wapi habari za shemeji. Akanishangaa. Akasema, "Habari zipi? Mzee hajui lolote. Huyo humwambia hivyohivyo kila mwanamke wa Kinyamwezi anayepanda kule. Nesi wa zahanati naye aliambiwa katuliwa njiani, na mumewe yupo, tena anamfulia nguo! Dada yako ni mtani wetu. Mzee wa watu alikuwa anamkaribisha."

Utani, dada! Wanyamwezi na Waluguru! Si Baba alikuwa akimwita yule jirani yetu Mluguru mwizi wa ndizi kila siku ya Mungu, na siku Baba amefariki ni huyohuyo aliyekuja kucheza kavaa viatu vya marehemu hadi Mama akacheka na machozi yake? Wewe unajua hayo kuliko mimi. Ila naona neno lilitua palepale penye kidonda, ukasikia kidonda, hukusikia utani. Na mimi ndiye niliyekuelekeza benchini.

Thobias anasema kijiji kimeshangaa. Hakuna aliyewahi kuona mtani anashitakiwa. Wazazi wanasema, "Kama maneno yetu ni kesi, basi watoto wetu wakae nyumbani, wasije wakamkosea mwalimu." Anasema shuleni sasa inasikika kengele tu.

Niandikie. Hata matusi. Hasa matusi.

Joji
Hana cheo wiki hii


Mgeta
14 Machi 2025

Joji,

Sikukukasirikia wewe. Sikuwa na la kuandika.

Ni kweli shule iko tupu. Nagonga rimu, nasikiliza, wanakuja wachache, watoto wa walimu na wa nesi. Nilikwenda kwa Mzee Laurenti kuomba radhi. Alinipa kiti, alinipa chai, aliniita "mheshimiwa mwalimu" mpaka mwisho, kwa upole ambao sijawahi kuuona. Hakucheka hata mara moja. Nilitoka pale nimefukuzwa vizuri.

Afisa elimu anakuja Ijumaa ya tarehe 28. Nimekwisha kuandika barua ya kuomba kuachia nafasi, iko mezani, nitampa mkononi. Mume kanishinda, shule imenishinda. Mwambie Mama anifagilie chumba cha uani. Blanketi la mbwa ni la joto.

Skola


Mwembesongo
17 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Chumba cha uani hakifagiliwi. Nimeweka Benzi humo, na halitoki.

Unamwombaje mtani radhi? Ndiyo maana kakuita mheshimiwa! Ungekuja kwangu mimi ukaniomba radhi kwa adabu namna hiyo, ningejua nimekufa. Mtani anarudishiwa, dada, tena mara mbili, tena mbele za watu. Wewe utotoni ulikuwa na mdomo kuliko mimi, mimi nimeurithi ulipouacha kwenda chuo cha ualimu. Nani alimwambia padri kwamba mahubiri yake ni marefu kuliko reli ya Kigoma?

Na ya Turiani hayahusiani na shule. Yule kakuacha, shule haijakuacha, imenuna tu. Ukishuka sasa, nitamwambia kila mtu sokoni kwamba dada yangu kashindwa na watu wanaolima karoti wamesimama mguu mmoja.

Usimpe mtu barua yoyote. Nakuomba. Unaona? Sijatania hapo.

Joji


Mgeta
31 Machi 2025

Mdogo wangu Joji, bingwa wa ushauri mbaya na mzuri,

Kaa chini kabla hujasoma. Na mwite Mama.

Jumatatu iliyopita mama yake Mzee Laurenti alifariki, bibi mzee sana, aliyekuwa akinipungia mkono kutoka shambani kwake kila nikipita. Jumatano tukaenda kuzika. Nilivaa suti yangu nyeusi, ileile niliyovaa siku ya kuripoti. Nilisimama nyuma na walimu wangu. Watu walinipisha, walinipa nafasi kubwa pande zote kama mgonjwa. Afisa elimu naye alikuwapo, kasimama na mwavuli.

Kaburi lilikuwa kwenye mteremko chini ya nyumba. Walipoleta jeneza, niliona watu wanaangalia huku na huku. Wanamtafuta mtani wa kuwafanyia vituko vya msibani, Joji. Nesi yuko likizo kwao. Hapakuwa na Mnyamwezi mwingine isipokuwa mimi, na hakuna aliyethubutu kuniangalia. Mzee Laurenti alikuwa amesimama anatazama lile shimo tu. Nikafikiri, huyu anazika mama yake na hana hata mtu wa kumtukana.

Nikavua viatu, nikaingia kaburini.

Ndiyo. Na sketi ya suti. Nilisikia afisa elimu akisema "Mwalimu!" Nikalala chali. Udongo ulikuwa baridi, ila nakwambia kweli, ulikuwa mlaini kuliko mkeka wangu. Nikaanza kupiga kelele.

"Waluguru! Ninyi mnaoanguka kutoka kwenye mashamba yenu wenyewe! Hamna mahali tambarare hata pa kumlaza bibi wa watu, atabingirika mpaka Morogoro mjini! Nyumba hii naichukua mimi. Mimi nimeachwa, ndiyo, mmesikia vizuri! Mume yuko Turiani, kitanda changu kiko Turiani, kinalaliwa na mwingine. Leo nimepata pa kulala, sitoki. Bibi mkae naye wenyewe mpaka mniambie watoto wangu wako wapi!"

Nilikuwa naona kipande cha mbingu na vichwa pembeni. Nikafikiri, hapo sasa umemaliza, Scholastika.

Halafu kichwa cha Mzee Laurenti kikatokea, machozi yamelowesha ndevu, na kinacheka. "Kumbe unasema! Tulidhani wametuletea mwalimu, kumbe walituletea benchi la mtendaji! Toka humo, mpagazi, mama yangu amechoka kusubiri."

"Watoto?"

"Kesho."

"Na mahindi ya uji?"

"Na mahindi."

"Na kitanda?" Hilo lilinitoka tu, sikulipanga.

"Huyu ataomba mpaka mlima! Vigelegele viko wapi, kina mama, mnamwangalia tu mtani wenu?"

Wakapiga. Ni vilevile vya Februari, Joji, sauti zilezile. Sijui mara ya kwanza nilisikia kitu gani. Mzee akanivuta kwa mikono miwili, na aliponitoa hakuniachia. Alilia begani kwangu. Na mimi nikalia, tangu Turiani nilikuwa sijalia, na sijui pale nani alikuwa akimlilia nani.

Ijumaa afisa elimu alikuja mapema, ukungu ukiwa bado umo darasani. Alisimama mlangoni mwa darasa la tatu, hakuona kitu. Mwalimu akaita majina. "Nipo." "Nipo." "Nipo." Ilichukua muda mrefu mpaka yakaisha. Akaandika alivyoandika, akanipa mkono akaniambia tutaonana muhula ujao, mwalimu mkuu. Ile barua ya mezani nilikuwa nimeshaiwashia moto wa chai.

Jana baada ya misa wanaume wanne wamepanda hapa na kitanda cha mbao ya mkaratusi, kipana, na kina ubao umesimama pembeni. Nikauliza ubao wa nini. Mzee Laurenti akasema, "Usianguke. Tunasikia wapo watu huanguka hata kutoka shambani."

Cha Turiani kiacheni hukohuko.

Dada yako,
Skola
(Mwalimu Mkuu. Sasa ile shikamoo ya pili niletee.)


Mwembesongo
6 Aprili 2025

Dada Skola, Mwalimu Mkuu,

Shikamoo. Shikamoo.

Barua yako nilimsomea Mama kwa sauti. Nilipofika kwenye "mimi nimeachwa" alinishika mkono, nikajua sasa amejua, nikasimama. Akasema, "Endelea, kwani keshatoka kaburini?" Nikaendelea. Alipomaliza kucheka alikwenda uani peke yake. Aliporudi alianza kukufungia mchele wa Kyela na shuka mpya. Anasema kitanda kipya hakitandikwi shuka kuukuu.

Thobias katangaza sokoni kote. Sasa sina jina. Naitwa "mdogo wa yule aliyelala kaburini", na kina mama wa nyanya wananipa mzigo zaidi, wanasema ukoo huo hauogopi kitu. Mimi! Niliyebeba friji! Umenifunika kabisa, sista, na wala sijanuna sana.

Turiani nilikuwa nimepanga kurudi. Jiwe la kusimamia nilishalichagua. Nimelirudisha mahali pake.

Pasaka napanda na Thobias, naleta mchele, shuka, na chapati za Furaha. Yeye mwenyewe anasema atafikiria. Nitapita kwanza pale chini kwa bibi nimsalimie, nimshukuru kwa kukuazima nyumba. Halafu mwambie Mzee Laurenti akae tayari, avae vizuri, aite na majirani. Kuna tusi moja la kumrudishia nimelitunza tangu Februari, nimelinoa kila siku nikisukuma toroli, na safari hii sitaki kumpelekea kwa barua.

Mdogo wako,
Joji